Shimizi Niliyoianika Juani

Majina ya wote waliokuwepo siku zile ninayo kichwani, hata ya wale majirani wawili waliokuja kukanyaga ndizi, hata la mbwa wao. Nikikaa peke yangu nayataja moja moja. Hapa siyaandiki, kwa sababu na wajukuu wao tunasalimiana njiani, na jambo lenyewe ni la nguo ya ndani.

Mama yangu aliishi akafa hajavaa shimizi. Alifunga kaniki moja kiunoni, nyingine akaipitisha kwapani, basi, amevaa. Sisi watoto wa Kituntu tuliokaa kwa katekista miaka miwili ndio tulioanza kuiona. Siku moja mke wa katekista aliinama kuokota kibiriti, gauni likateleza, ukachungulia begani mkanda mweupe mwembamba. Tulidhani ni bandeji. Tulimwonea huruma wiki nzima, tukisema mama wa watu ana kidonda kifuani na hataki mumewe ajue.

Baadaye zikaingia madukani na kila mwanamke akazivaa alivyoelewa yeye. Nilimwona mmoja aliyeivaa juu ya gauni kila Jumapili, kwa sababu ilikuwa na lesi na alisema haiwezekani aifiche lesi halafu aonyeshe kitambaa cha kawaida. Mwingine aliishusha hadi kiunoni, akaifunga kwa mkanda, ikawa sketi ya kwendea sokoni. Jirani yetu mmoja alizivaa mbili kwa pamoja ili aonekane amenona, maana mumewe alikuwa anasemwa kwamba hamlishi. Waliokuwa wananyonyesha walikata mkanda mmoja wakaweka pini. Hakuna aliyewacheka, maana hakuna aliyejua iliyo sahihi.

Mimi yangu nilipewa na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa na mfanyabiashara wa Bukoba. Aliniletea nikiwa nimefungiwa ndani nangojea harusi. Ilikuwa ya bafta nyeupe, lesi kifuani, mikanda miwili ya mabegani, chini wazi. Alinivalisha mwenyewe, akanizungusha, akavuta mikanda kama anayefunga mzigo.

"Simama wima. Hii ni ya ndani. Ndani kabisa. Unanisikia?"

"Ninasikia, shangazi."

"Inalala kwenye ziwa, hapa kwenye titi. Ziwa ni la mtoto na la mumeo. Baba yako asiione nguo hii, na baba mkwe wako asiione, hata ikiwa kwenye kamba haina mtu ndani. Ukiifua, ianike ndani ya nyumba. Ukishindwa, ianike nyuma ya nyumba na uifunike na kanga."

"Akiiona?"

Alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu akaitetemesha, na kichwa akakitikisa polepole, hivi na hivi.

Nilielewa. Kwetu Kituntu alikuwepo mzee mmoja aliyetetemeka hivyo mchana kutwa, chakula kikimwagika kabla hakijafika mdomoni. Watu wazima walisema alimkuta mama mkwe wake anaoga mtoni naye hakugeuza uso haraka. Ndivyo tulivyolelewa. Kati ya mkwe na mkwe paliwekwa ukuta usioonekana, na atakayeupitia, hata kwa bahati mbaya, mwili wake utalipa. Leo daktari atakupa jina lingine la ugonjwa ule, na mimi sibishani na daktari. Lakini siku zile sikuwa na daktari, nilikuwa na mikono ya shangazi mbele ya macho yangu.

Nikaolewa mbali, upande wa Nkwenda, safari ya siku mbili kwa miguu. Mume wangu alifanya kazi kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilibaki na wakwe zangu. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, na machache yale yalichoma. Baba mkwe sikuwa nimewahi kusema naye hata neno moja. Nikimwona anakuja naingia migombani, najifunika kichwa, nageuka mgongo hadi apite. Yeye naye alikohoa kila alipokaribia, ili nipate muda wa kujificha. Tuliheshimiana hivyo, kwa kikohozi.

Nyumba ilikuwa msonge, moto katikati, moshi hauna pa kwenda. Shimizi niliianika ndani kama nilivyofundishwa. Miezi mitatu haijaisha ilikuwa na rangi ya chai, na ilinuka kama samaki wa kukaushwa.

Basi ukaja ujumbe kwamba baba yangu anakuja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe, na anakuja na baba yangu mdogo na yule shangazi. Nyumba ikageuka. Ujio wa baba wa bibi harusi kwa mara ya kwanza si mchezo. Lazima rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwepo, na iwe nzuri, na mwenye nyumba aionje mwenyewe kwanza kwa mrija halafu amkabidhi mkwewe kibuyu. Baba mkwe alifukia ndizi shimoni ziive, akazihesabu siku, akatengeneza mtumbwi wake wa kukanyagia ndizi uliokuwa chini kule kwenye kibanja, shamba letu la migomba, mbali na nyumba. Huko wanawake hatukufika. Mwanamke hakaribii mtumbwi wa rubisi, na akiuruka, rubisi yote inamwagwa, hakuna mtu anayeigusa.

Nami nilitaka shangazi anikute safi. Asubuhi ya siku ya kukanyaga niliifua shimizi kwa kipande cha sabuni nilichokuwa nimekificha, nikaisugua na majivu, nikaianika kwenye mti wa kahawa nyuma ya nyumba na kuifunika na kanga. Nikasimama nikaiangalia. Jua lilikuwa kali kabisa, nalo halikuifikia. Nikafikiri: wanaume wako chini kwenye kazi, mama mkwe yuko jikoni, na mimi naenda kisimani na kurudi. Nikaiondoa kanga. Mkono wangu mwenyewe ndio ulioiondoa. Nikachukua mtungi nikaenda.

Niliporudi mti wa kahawa ulikuwa mtupu.

Nilisimama na mtungi kichwani na maji yakinimwagikia shingoni. Niliangalia chini ya mti, nikaangalia mti wa pili na wa tatu. Kwanza nilifikiria mchawi. Nguo iliyolala kwenye ziwa, tena la mwanamke ambaye ndio kwanza ameanza kukosa siku zake, mchawi angetaka nini zaidi? Nilishika tumbo. Nilikuwa sijamwambia mtu kuhusu tumbo hilo.

"Mukamwana," mama mkwe akaita kutoka mlangoni. Ndivyo wanavyomwita mke wa mwana kwetu. "Unazunguka hapo kama kuku anayetafuta pa kutaga. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mama."

"Basi leta maji."

Nilileta maji. Nikasikia wanaume wanacheka kule chini, kicheko kikubwa, cha watu waliofurahi. Mama mkwe akanituma majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Nikashika kisu nikashuka, nikakata jani moja hapa, moja pale, kila mara nikisogea kidogo kuelekea kicheko, hadi nikafika kwenye mashina mazito na kuchungulia katikati yake.

Shimizi yangu ilikuwa juu ya mtumbwi. Walikuwa wameining'iniza kwa ile mikanda miwili kwenye vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini. Chini, pale pa wazi, walikuwa wameikusanya wakaifunga kwa ukamba wa mgomba na kuijaza nyasi. Baba mkwe alikuwa anamimina maji ya ndizi kwa kibuyu kifuani mwa shimizi, penye lesi, na yanatoka chini membamba, masafi, yanaingia mtumbwini.

"Mawe!" akashangaa jirani mmoja, mnene, miguu yake bado imejaa nyasi na ndizi. "Hata takataka moja hakuna. Hiki kitu umekitoa wapi?"

"Nimekikuta kwenye mti wa kahawa. Mwanangu amekileta kutoka machimboni," baba mkwe akasema, na sauti yake ilijaa fahari. "Wazungu wanachujia mchanga wa bati. Yeye ananiletea mambo, hasemi, anaacha tu nikute mwenyewe."

"Na hii mikono miwili?"

"Ya kutundikia. Huoni nimetundika?"

"Na maua haya?"

"Maua ndiyo yanayokamata uchafu."

Yule wa pili, mzee mwembamba mwenye utani, akaugusa mkanda kwa kidole. "Waitu, jamani, Mzungu ana akili lakini ni mchoyo. Kichujio kizuri hivi, amesahau kukishona chini!"

Wakacheka tena. Baba mkwe akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

Mimi nilikaa chini palepale kwenye majani makavu. Nyumba ile haikuwahi kuwa na mwanamke wa shimizi, kwa hiyo hakuna mwanamume pale aliyejua anachokishika. Nilijua mimi tu. Na hapo ndipo nilipoanza kupanga yatakayonipata, moja baada ya jingine. Kushika ameshashika. Kuonja ameshaonja. Keshokutwa baba yangu, aliyetembea siku mbili na kiu yake, atapokea kibuyu kwa mikono miwili na kunywa pombe iliyopita kwenye nguo ya ziwa la binti yake. Mbele yangu, nami nimepiga magoti nikimshukuru kwa kuja.

Jioni ile niliiangalia mikono ya baba mkwe. Alikaa nje akivuta kiko, nami nilikuwa ndani gizani nikimchungulia kwenye upenyo wa mlango. Mikono ilikuwa imetulia. Halafu kiko kikazimika, akainama kuchukua kaa la moto, na nikaona vidole vinacheza. Je, vilicheza, au ni moto uliocheza? Mpaka leo siwezi kukuapia.

Siku ya pili mambo yakawa mabaya zaidi. Walikuwa wamekwisha kuchuja na kutia mtama, mtumbwi umefunikwa majani, unachemka wenyewe. Baba mkwe alikisuuza kichujio chake, na kwa kuwa alikipenda, hakukiacha huko chini. Alikuja nacho nyumbani akakitundika kwenye mkuki wake, uliokuwa umeegemea ukutani kando ya mlango, mahali ambapo wageni wote wangekaa.

Nikaiona pale, ya kahawia kwa utomvu wa ndizi, ikipepea. Baba yangu asingeitambua. Lakini shangazi aliishona lesi ile kwa mkono wake. Angeitambua akiwa bado njiani. Na kazi ya shangazi ndiyo hiyo, akiona mwiko umevunjwa kwa binti wa kaka yake hawezi kunyamaza, hata kwa mapenzi, kwa maana akinyamaza yanamfuata yeye. Angesema mbele ya wote. Ningeondoka naye siku hiyohiyo na mkeka wangu kichwani, mimba tumboni, na nyuma yangu wazee wawili wakingoja kutetemeka.

Kuiiba sikuweza. Upande ule wa mlango ulikuwa wa baba mkwe, sikukanyaga. Na hata ningeiiba, rubisi ingebaki.

Nilifikiria kukimbia. Nawaambia kweli, nilifika hadi njia panda nikiwa nimebeba kikapu kama ninayekwenda kuomba mbegu. Nikarudi. Mama mkwe alikuwa amekaa anachambua maharage. Nikapiga magoti mbele yake. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho.

"Mama, ile iliyo kwenye mkuki ni yangu."

"Ipi?"

"Kile kichujio."

"Si cha machimboni?"

"Ni nguo, mama. Ninaivaa hapa." Nikagusa kifua. "Chini ya gauni. Shangazi alinipa. Niliianika nje, nikaitoa kanga."

Vidole vyake vikasimama kwenye maharage. Alinitazama kifuani, akageuka akatazama mkuki, akanitazama tena. Nilingoja anipige. Ningefurahi kama angenipiga.

"Ulikuwa umeifua?" akauliza.

"Niliifua, mama. Kwa sabuni."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mumeo?"

"Hajui."

"Basi asijue." Akatupa harage bovu. "Na tumbo hilo, ulitaka nilione lini?"

Nikaanza kulia. Akanikemea kwa sauti ya chini, akasema machozi yataingia kwenye maharage.

"Sikiliza. Mzee akiambiwa, hatanyamaza. Ataogopa. Mwanamume akiogopa anakwenda kwa mganga, mganga ana mke, mke ana mdomo. Kabla ya jua la kesho Nkwenda nzima itajua umemvalisha baba mkwe wako ziwa."

"Nikaimwage, mama? Niende kimyakimya nikaipindue?"

"Wewe? Ukionekana pale watauliza kwa nini, na hujui kusema uongo. Nimekuona asubuhi yote ya jana." Akainuka, akakung'uta kaniki yake. "Lete kuni. Na usiniangalie hivyo."

Sikujua ameamua nini. Nilipita siku ile nikiwa kama mtu anayengoja jino ling'olewe.

Asubuhi ya wageni wanaume walishuka mapema kwenda kuchota. Baba mkwe alikichukua kichujio chake kutoka kwenye mkuki, amekivaa begani. Amekivaa begani, mkanda mmoja! Nilifumba macho. Mama mkwe akangoja kidogo, akajitwika mzigo wa kuni, akaelekea huko chini kwa hatua za mtu anayekwenda zake. Nilimfuata kwa mbali nikajificha kwenye mashina yaleyale.

Majani yalikuwa yamefunuliwa na harufu ya rubisi imejaa kibanja. Wale watatu walikuwa wameinama na vibuyu. Yeye alikuja moja kwa moja, mzigo kichwani, hakuzunguka. Alipofika kwenye mkia wa mtumbwi aliinua mguu mmoja, polepole, kila mtu apate kuona, akaupitisha juu. Halafu wa pili.

Vibuyu vikasimama mikononi mwao.

"Mwanamke!" Sauti ya baba mkwe ilipasuka. "Umeona ulichofanya?"

"Nimeona."

"Umerukwa na akili? Leo? Wakwe wako njiani!"

"Nilipita njia ya mkato. Mzigo ulinizuia kuona chini."

"Njia ya mkato! Miaka yote hii katika nyumba hii, hujui njia?"

Yule jirani mnene akashika kichwa. Yule wa utani hakuwa na utani. Baba mkwe aliokota fimbo, akaishika juu, na nilimwona anavyopambana nafsini mwake, na mke wake amesimama na mzigo kichwani hasogei wala hasemi samahani. Fimbo ikashuka mtumbwini badala yake. Akapiga ubao mara tatu, akaitupa.

Wakaupindua. Rubisi yote ilitiririka kwenye mizizi ya migomba ikitoa povu, na mimi pale nilipojificha niliinua miguu isinifikie.

"Na hiki," mama mkwe akasema, akakinyakua kichujio begani kwa mumewe, "kimechafuka pamoja nayo. Nakitia motoni."

"Kiache hicho!"

"Mwiko ni mwiko. Au unataka kuchujia tena?"

Baba mkwe akamwangalia akiondoka nacho, na nasema haki ya Mungu, alikisikitikia kuliko pombe. Shimizi iliungua ikitoa moshi mweusi wa sukari, mama mkwe akiichochea kwa kijiti hadi lesi ilipokwisha.

Baba yangu alifika jua likiwa utosini, vumbi hadi magotini. Walimpa maziwa na buni za kutafuna. Baba mkwe alisimama mbele yake akiwa hana kibuyu mkononi, akasema kwa sauti iliyokaukiwa, "Mkwe wangu, nyumba yangu leo imeniaibisha." Akaeleza. Baba yangu akajibu kwa adabu kwamba hakufuata pombe, amefuata watu. Lakini baba yangu mdogo aliangalia kando, na nilijua kule Kituntu hadithi itafika kabla yao.

Shangazi alinivuta ndani. Akaniingiza kidole shingoni, akatafuta mkanda, hakuupata.

"Iko wapi?"

"Inanikwaruza, shangazi. Na sasa kifua kimevimba."

Akanitazama machoni. Akashusha macho tumboni. Uso wake ukafunguka, akapiga kigelegele kidogo cha kubana, mkono mdomoni, akasahau alichouliza. Nilimshukuru Mungu kwa mimba ile, na wakati huohuo nikaogopa kwamba nimeitumia kama kifuniko.

Nilidhani limekwisha. Wageni walipoondoka, baba mkwe alimwambia mkewe arudi kwa kaka zake, asionekane mpaka waje nao kumwombea radhi na mbuzi mkononi. Alisema bila kupaza sauti. Mama mkwe alichukua kikapu, kaniki ya kubadilisha, na mkongojo. Nilimsindikiza hadi mwisho wa kibanja nikimwambia, "Mama, nitasema. Narudi sasa hivi nakwenda kusema." Akasimama.

"Maharage nimeyaloweka," akasema. "Usiyaache yachachuke."

Akaenda.

Nilibaki na baba mkwe katika nyumba moja. Nilimpikia, nikaweka chakula kizingitini, nikaondoka, akakohoa, akala. Kila siku nilijiambia kesho. Nitamtuma jirani amwambie. Nitasema nimesimama nyuma ya mlango. Nitamwandikia kwa zile herufi chache za katekista, ingawa hakujua kusoma. Kila siku nilitazama mikono yake ikishika bakuli. Kila siku niliogopa vitu viwili, kwamba nitasema na kwamba sitasema. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, akauliza mama yake amepatwa na nini mpaka kuruka mtumbwi. Nikamwambia sijui, labda ni uzee. Dhambi ile nimeiungama kwa padri mara nyingi, lakini haijatoka.

Mama mkwe alirudi baada ya miezi miwili, na kaka yake mkubwa na mbuzi dume mweupe. Wazee walikaa nje wakaongea hadi mchana ukageuka, mbuzi akapokelewa. Kuanzia hapo na hadi alipozikwa, wanawake wa kule walimwita Mruka-mtumbwi. Kwenye harusi hawakumruhusu akae upande wa vibuyu, na watoto walimwimbia. Alicheka pamoja nao. Hakuwahi kunigeukia akaniangalia wanapoimba. Wala hakuwahi kunisema, hata siku tulizogombana, na tuligombana sana.

Siku ile ya kurudi aliingia ndani akakaa mahali pake, vumbi miguuni, amekonda. Nilipiga magoti nikamwamkia. Nikafungua mdomo.

"Kuna chakula?" akaniwahi.

"Kipo, mama."

"Kilete. Nimetembea tangu alfajiri na kaka yangu anatembea kama konokono."

Nikampakulia ndizi na maharage. Akanisogezea sahani, akaniashiria nile naye, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. Tukala. Nje baba mkwe alikohoa anakuja, na sote wawili, mimi na yeye, tukaacha kutafuna hadi alipopita.